Mtoto wa mbwa alichanjwa, kisha akafa kwa parvo: tatizo lilikuwa wapi?

Mkazi wa Nzuguni (mleta mada), 9 Oktoba, saa 3:40 usiku

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaolifahamu jambo hili, hasa madaktari wa mifugo kama wapo humu.

Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, nikapanga Area C kwa miaka kadhaa, na mwaka jana nikajenga Nzuguni, ambako ukuta wa uzio haujakamilika na vibaka wameshaizoea njia ya kwangu. Rafiki yangu mmoja alinigawia watoto wawili wa kiume wa mbwa wake, waliozaliwa tarehe 12 Julai. Mama yao ni chotara wa German Shepherd, na baba yao hajulikani. Waliingia nyumbani wakiwa na wiki saba, na watoto wangu wakawapa majina ya Bobi na Tomi.

Tarehe 6 Septemba alikuja kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa mifugo, akiwa na pikipiki. Alitoa vichupa kwenye mfuko wa koti lake, akachanganya dawa, akawachoma wote wawili, kisha akaandika kwa kalamu neno "chanjo" na tarehe kwenye kadi mbili, na kutuambia kwamba tutaonana baada ya mwaka. Nililipa nikiamini kazi imekwisha.

Tarehe 27 Septemba Bobi alikataa chakula, akaanza kutapika, na jioni akaharisha damu yenye harufu ambayo siwezi kuieleza. Kesho yake tulimpeleka kwenye kliniki ya wanyama, wakapima kinyesi na kutuambia ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Aliwekewa dripu, lakini tarehe 30 alikufa. Katikati ya shida hiyo, tarehe 28, kulikuwa na kampeni ya kuchanja kichaa cha mbwa kwenye kata yetu, nikamchukua Tomi nikampeleka, akachomwa na kupewa cheti. Tomi mpaka leo ni mzima, anakula na kucheza kama kawaida.

Sasa jirani yangu anasema kwamba Tomi amechanjwa mara mbili na hahitaji kitu kingine. Mke wangu yeye anaamini chanjo ile ya Septemba ndiyo iliyomletea Bobi ugonjwa, na hataki kusikia habari ya sindano nyingine. Mimi niko katikati. Je, inawezekana chanjo ilimuua Bobi? Kama haikumuua, kwa nini haikumkinga, wakati ndugu yake aliyechomwa siku hiyohiyo hajaugua? Na ni lini ninaweza kuleta mtoto mwingine wa mbwa katika ua uleule?

---

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini, 10 Oktoba, saa 12:50 asubuhi

Pole sana ndugu yangu, na umfikishie mkeo pole zangu. Shaka yake haistahili kudharauliwa, kwa sababu mtu akiona sindano kisha akaona kifo, ni kawaida kuviunganisha. Hata hivyo tarehe ulizoziandika zinamjibu. Kirusi cha parvo kikiingia mwilini mwa mbwa, kwa kawaida dalili hutokea baada ya siku tatu hadi saba, na ni nadra kuzidi siku kumi na nne. Bobi alichomwa tarehe 6 na kuugua tarehe 27, yaani siku ishirini na moja baadaye. Kwa hesabu hiyo aliambukizwa karibu na tarehe 20 hadi 24, wakati sindano ilikuwa imeshapita zamani. Zaidi ya hayo, kirusi kilichomo ndani ya chanjo kimedhoofishwa, na kazi yake ni kuuzoesha mwili bila kuuangusha. Bobi aliuawa na kirusi alichookota mahali fulani, labda kwenye viatu vya mgeni, labda kwenye kinyesi cha mbwa wanaopita uani kwako kwa kuwa ukuta haujaisha.

Swali lako la pili ndilo zito, na ndilo linalowapotosha watu wengi. Mtoto wa mbwa akizaliwa hunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na katika dang'a hilo anapokea kingamwili za mama yake, yaani chembe za damu yake zinazopigana na magonjwa. Kingamwili hizo humlinda katika wiki za mwanzo, lakini pia huishambulia chanjo kama zinavyoushambulia ugonjwa, kwa kuwa hazina namna ya kutofautisha kirusi cha porini na kile kilichodhoofishwa. Chanjo inayoingia wakati kingamwili za mama bado ni nyingi inazimwa kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kingamwili dhidi ya parvo hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi hivi, kwa hiyo kuna siku ambayo zinakuwa chache mno kumlinda mtoto dhidi ya kirusi cha kweli, lakini bado zinatosha kuizima chanjo. Pengo hilo linaweza kudumu wiki mbili au zaidi, na hakuna mganga wala mwenye mbwa anayeweza kuliona kwa macho.

Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja waliochomwa siku moja wanaweza kuishia pabaya na pazuri. Mmoja aliwahi titi lenye maziwa mengi saa za kwanza, akapata kingamwili nyingi. Mwingine alisukumwa pembeni akapata chache. Huenda chanjo ya tarehe 6 ilimkuta Tomi kingamwili za mama zimeshapungua, ikafanya kazi, na ikamkuta Bobi angali nazo, ikazimwa. Baadaye za Bobi ziliposhuka, kirusi kikamkuta hana ulinzi wowote. Yule aliyenyonya vizuri zaidi ndiye aliyekufa, jambo ambalo linaonekana kinyume na akili lakini katika kazi yetu tunaliona mara kwa mara.

Kwa kuwa hakuna anayejua siku hasa ambayo kingamwili za mama zitaisha kwa kila mtoto, tunarudia dozi. Tunaanza wiki ya sita hadi ya nane, tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na dozi ya mwisho ni lazima iangukie wiki ya kumi na sita au baada ya hapo. Miongozo ya chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, iliyotolewa mwaka 2024 inasisitiza hiyo dozi ya wiki ya kumi na sita kuliko idadi ya sindano zilizotangulia. Mtu aliyekwambia urudi baada ya mwaka alikuacha wiki ya nane, mahali ambapo watoto wengi wa mbwa bado wana kingamwili za mama. Hata kama dawa yake ilikuwa nzima, kazi aliiacha nusu.

Nina maswali mawili kabla sijakuandikia ratiba ya Tomi. Kwenye kadi kuna stika yoyote iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina la chanjo na namba ya toleo? Na vile vichupa, vilitoka mfukoni moja kwa moja au ndani ya mfuko kulikuwa na chombo chenye barafu?

Kuna jambo moja nitakusema, na unisamehe. Tarehe 28 ulimpeleka Tomi kwenye mkusanyiko wa mbwa wa kata nzima wakati ndugu yake anaharisha damu nyumbani. Mbwa aliyeambukizwa parvo huanza kukitoa kirusi kwenye kinyesi siku chache kabla hajaonyesha dalili. Kama Tomi alikuwa nacho, amekigawa pale. Siku nyingine ukiwa na mgonjwa nyumbani, mpigie simu afisa mifugo wa kata, umweleze, naye atakupangia siku ya peke yako.

---

Mchunga Mbuzi Mlali, 10 Oktoba, saa 7:20 mchana

Shikamoo daktari, na poleni nyote. Niseme mapema kwamba nachunga mbuzi, si kanisa, maana kuna mtu humu alishaniomba nimwombee.

Mimi nimefuga mbwa tangu utoto, hapa Kongwa na kabla ya hapo Mpwapwa kwa wajomba zangu. Mbwa wetu wa kienyeji hulala nje na mbuzi, hufukuza fisi, hula ugali na makombo, na sijawahi kumchanja hata mmoja kwa hiyo parvo yenu. Wapo wanaofika miaka kumi. Ninachoona ni kwamba magonjwa haya yamekuja na mbwa wa mjini wenye damu ya kizungu, na kwamba mbwa akilelewa kama mtoto wa tajiri, mwili wake unasahau kupigana.

Kichaa nachanja kila mwaka, hilo silipingi. Miaka iliyopita mbwa asiye na mwenyewe alimng'ata mtoto wa jirani yangu mguuni, na zahanati ya karibu haikuwa na dawa, ikabidi mtoto asafirishwe mbali huku baba yake akikopa nauli. Bibi yake alikuwa ameshamwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kabla ya kitu kingine chochote, na daktari alimsifu sana yule bibi. Mtoto alimaliza sindano zake na yuko darasani. Tangu hapo, gari la chanjo likipita, mbwa wangu wote wanakuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini hizi nyingine naona ni mambo ya watu wenye fedha.

---

Duka la Dawa za Mifugo, Kibaigwa, 10 Oktoba, saa 11:05 jioni

Salaam kwenu. Mimi nina duka la dawa za mifugo, na ningependa kuongeza kuhusu hivyo vichupa vya mfukoni, kwa kuwa daktari ameuliza kwa upole na mimi sitakuwa mpole kiasi hicho.

Chanjo ya mbwa inayokinga distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na ubongo wa mbwa), homa ya ini na parvo huja katika vichupa viwili: kimoja kina kidonge kikavu, kingine kina maji ya kuchanganyia. Kile kikavu kina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo vinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu kiwandani mpaka dakika ya kuchomwa. Kikishachanganywa, kinatumika papo hapo, na lebo nyingi hazikupi zaidi ya saa moja. Jua la Dodoma la mwezi Septemba, koti jeusi, pikipiki inayozunguka kuanzia asubuhi: hesabu mwenyewe. Sehemu ya distempa ndiyo inayoharibika upesi zaidi, na kichupa kilichoharibika hakibadiliki rangi wala harufu, kwa hiyo mteja hana namna ya kujua.

Kwangu chanjo zinatoka kwenye jokofu na kuingia kwenye deli lenye barafu, na mteja asiyekuja na deli au chupa ya chai yenye barafu simuuzii, hata akikasirika. Wengi hukasirika. Umeme ukikatika usiku kucha, naangalia kipimajoto asubuhi kabla sijafungua duka, na mara mbili nimetupa chanjo ambazo zilikuwa na thamani ya faida yangu ya mwezi. Kosa la upande wa pili nalo lipo: zile za majimaji, kama ya kichaa na ya lepto (leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria), zikigandishwa zinaharibika, kwa hiyo usizitie kwenye friza ukidhani unazihifadhi vizuri zaidi. Halafu kuna wale wanaochemsha bomba la sindano na kulisuuza kwa spiriti. Spiriti iliyobaki ndani huua virusi vya chanjo. Bomba liwe jipya, la kutumia mara moja.

Nitoe haki kwa chanjo ya kichaa, kwamba ina uvumilivu. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, na miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Hilo limesaidia kampeni za vijijini ambako hakuna jokofu. Ila watu wasichukue habari hiyo wakaipaka kwenye chanjo zote.

Kwa Mzee wa Mlali: hapa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, panya hatuwezi kuwahesabu, na mbwa wa maghala wanawala. Lepto inabebwa na mkojo wa panya. Wizara ya Afya iliutangaza ugonjwa huohuo kwa binadamu kule Lindi mwaka 2022, ukaitwa homa ya mgunda. Mbwa anaupata, na anaweza kuupitisha kwa anayeosha banda lake. Sijaona kama hilo ni jambo la wenye fedha.

---

Mkazi wa Nzuguni (mleta mada), 10 Oktoba, saa 2:30 usiku

Nawashukuru sana. Nimesoma kwa sauti, na mke wangu amesikiliza. Ile hesabu ya siku ishirini na moja ameipokea. Bado hana furaha, lakini amesema Tomi aende.

Nimeangalia kadi zote mbili. Hakuna stika. Kuna neno "chanjo", tarehe, na sahihi ambayo haisomeki. Kuhusu barafu, nilikuwepo na sikuona chombo chochote. Namba ya simu ya yule kijana haipatikani tena. Kuhusu tarehe 28, daktari, nakubali kosa. Sikujua, na nimempigia afisa mifugo wa kata leo mchana nikamweleza, akasema atawaangalia mbwa wa mitaa ya jirani.

Naomba ratiba ya Tomi. Na lile swali la ua bado.

---

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini, 11 Oktoba, saa 12:30 asubuhi

Vizuri sana kwa kumpigia afisa. Sasa tuende kwa mpangilio, ingawa nitaanza na Mzee wa Mlali kwa kuwa hoja yake nimeisikia hata kwa wasomi.

Marahaba, mzee wangu. Wale mbwa wako waliofika miaka kumi wapo kweli, na ninawaamini. Nakuomba tu ukumbuke wale ambao hawapo. Jike wa kienyeji huzaa sita au saba, na kiangazi kikifika unakuta wamebaki wawili. Wengine tunasema walikosa maziwa, au minyoo, au fisi, na baadhi ni kweli. Lakini hakuna aliyewapima, na wengi waliokufa kwa kuhara wakiwa na miezi miwili au mitatu walikufa kwa hiki tunachokizungumza. Wawili waliobaki waliugua wakapona, au waliambukizwa wakati kingamwili za mama zikiwa bado nusu, wakapata kinga yao. Hiyo ndiyo nguvu ya kienyeji unayoiona, na gharama yake ni wale wanne au watano waliofukiwa. Suala la damu ya kizungu lina ukweli kidogo: Rottweiler na Doberman hupigwa na parvo vibaya kuliko wengine. Lakini ugonjwa wenyewe haukuja na mbwa wa kifahari. Ulijitokeza duniani mwaka 1978, ukaenea katika mabara yote ndani ya muda usiozidi miaka miwili, na haukuuliza mbwa ana asili gani.

Na distempa je? Nakuuliza wewe uliyekaa Mpwapwa na Kongwa. Hujawahi kuona mwaka ambao mbwa wa kijiji kizima wanatokwa makamasi na tongotongo, wanakohoa, kisha waliopona wanaanza kutikisa taya na mguu kama mtu mwenye kifafa? Watu huita kichaa na kuwaua kwa rungu. Mara nyingi kile si kichaa, ni distempa iliyofika kwenye ubongo. Kirusi hichohicho mwaka 1994 kiliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na katika miaka iliyofuata mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakaanza kuchanjwa. Kama kiliweza kumwangusha simba, mbwa wa mbuzi hana ujanja.

Nije kwa Tomi. Kwa kuwa kadi haina stika na dawa ilitoka mfukoni, ile ya tarehe 6 Septemba mimi siihesabu kabisa. Huenda ilifanya kazi, lakini sitaweka maisha ya mbwa juu ya neno huenda. Leo ametimiza wiki kumi na tatu. Mlete leo au wiki hii, nimpime joto na kumwangalia kinyesi na macho, na kama ni mzima nimchanje distempa, homa ya ini na parvo kwa pamoja, na lepto. Dozi ya pili iwe tarehe 8 Novemba, atakapokuwa na wiki kumi na saba; hiyo ndiyo itakayovuka mstari wa wiki kumi na sita, na lepto nayo itakuwa imepata dozi zake mbili za mwanzo zinazohitajika. Usiiruke tarehe hiyo hata kama ana afya ya simba. Kisha tarehe 10 Januari, akitimiza wiki ishirini na sita, tunampa nyingine ya kumalizia. Zamani tulisubiri afike mwaka mmoja, lakini miongozo ya sasa imeisogeza dozi hiyo karibu, ili kama kuna mtoto ambaye kingamwili za mama zilimganda mpaka wiki ya kumi na sita, asikae miezi minane bila ulinzi na bila mtu kujua.

Baada ya hapo, distempa, homa ya ini na parvo hazihitaji kuchomwa kila mwaka. Kila miaka mitatu inatosha. Lepto ni kila mwaka kwa kuwa kinga yake haidumu, na kichaa nacho kila mwaka pamoja na kampeni ya kata.

Kuhusu cheti cha kichaa ulichonacho, ni halali na kitunze, lakini Tomi alichomwa akiwa na wiki kumi na moja. Kwenye kampeni tunachanja hata watoto wadogo, kwa sababu lengo ni kuwafikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na mtoto wa mbwa naye hung'ata. Kwa mbwa mmojammoja, hata hivyo, aliyechomwa kabla ya wiki ya kumi na mbili anarudiwa. Tutamrudia tarehe 8 Novemba. Mweleze jirani yako kwamba sindano ya kichaa inakinga kichaa peke yake. Ndiyo inayowalinda watoto wako na ninyi, na kwa hiyo ndiyo inayopewa kipaumbele na serikali, lakini haina neno lolote la kusema mbele ya parvo.

Ua wako. Kirusi cha parvo ni kigumu mno. Kwenye udongo wenye kivuli kinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haikifanyi kitu. Jua letu kali na ukavu vinakipunguza, na hilo ni jambo moja ambalo Dodoma inatusaidia, lakini havifiki chini ya banda wala nyuma ya tangi la maji. Sakafu ya saruji, bakuli na mlango wa banda, osha kwanza uchafu wote utoke, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha tumia jiki, sehemu moja kwa ishirini za maji, uache dakika kumi kabla ya kusuuza. Godoro alilolalia Bobi lichome moto. Udongo hauwezi kutiwa jiki ukapona, kwa hiyo ondoa tabaka la juu pale alipoharishia, ulifukie mbali, na paache wazi papigwe na jua.

Mtoto mwingine wa wiki saba usimlete mwaka huu. Ukitaka mwenza wa Tomi mapema, chukua mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo, mwenye kadi yenye stika. Ukitaka mdogo, mwache kwa mwenye mama yake mpaka apate dozi ya wiki ya kumi na sita, uongeze wiki mbili, ndipo aingie.

---

Mchunga Mbuzi Mlali, 11 Oktoba, saa 4:10 asubuhi

Daktari, hiyo ya mbwa kutikisa taya nimeiona, nilikuwa kijana, na tuliwaua wote kwa rungu kama ulivyosema. Hatukujua. Baba yangu mwenyewe aliongoza.

Sikubali yote. Mtu mwenye mbwa wanane na mbuzi arobaini hawezi kuwaleta mjini mara tatu kila mmoja. Nikipata chanjo ya mara moja tu kwa kila mbwa, ni umri gani unaofaa?

---

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini, 11 Oktoba, saa 4:55 asubuhi

Swali zuri, na ndilo ambalo vitabu vyetu vilipaswa kuanza nalo. Kama ni mara moja tu maishani, subiri wafikie wiki ya kumi na sita au zaidi, yaani miezi minne, ndipo uwachanje wote kwa siku moja. Wakubwa walio na afya wanaweza kuchanjwa wakati wowote, na kwa distempa na parvo dozi moja ya kirusi hai kwa mbwa mkubwa hutoa kinga nzuri. Utapoteza baadhi ya watoto kabla ya kufika miezi minne, sitakudanganya, lakini watakaovuka watakuwa na kinga. Zungumza na ndugu yetu wa Kibaigwa: chupa nane kwenye deli lenye barafu zinafika Mlali zikiwa nzima, mkiondoka alfajiri na mtaalamu aliyesajiliwa.

---

Duka la Dawa za Mifugo, Kibaigwa, 11 Oktoba, saa 5:15 asubuhi

Barafu ninayo, na afisa mifugo ninayemfahamu yupo, anachokosa ni pikipiki tu. Mzee, njoo Jumanne, tuagize chupa kwa idadi.

---

Mkazi wa Nzuguni (mleta mada), 11 Oktoba, saa 10:40 jioni

Tumerudi. Tomi ana joto la kawaida, amechanjwa, na safari hii kadi ina stika mbili zenye namba ya toleo. Mke wangu ndiye aliyemshika wakati anachomwa. Amelala tangu saa nane, na pale alipochomwa pamevimba kidogo kama punje ya harage. Je, ni kawaida? Na watoto wanataka kumwogesha.

---

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini, 11 Oktoba, saa 12:20 jioni

Usingizi wa siku moja na uvimbe mdogo ni kawaida. Uvimbe utaisha wenyewe. Angekuwa amevimba uso au anatapika na kuhema, ningekuambia umrudishe sasa hivi. Kuoga kusubiri siku chache, na asitoke nje ya uzio wala kukutana na mbwa wengine mpaka wiki mbili zipite baada ya tarehe 8 Novemba. Huo upande ambao ukuta haujaisha, weka hata miiba.

---

Mkazi wa Nzuguni (mleta mada), 11 Oktoba, saa 1:05 usiku

Miiba ipo. Fundi anaanza Jumatatu.